Hewa Inayoingia na Njaa: Mvuke wa Petroli kwenye Sheli za Nyanda za Juu

Ukisimama kwenye sheli pale Uyole asubuhi ya Julai, jua likiwa bado chini, usiitazame mita ya pampu. Tazama sakafu. Dada wa pampu ameshauliza "ya elfu ngapi?", ameshachomeka nozeli kwenye Corolla, na pembeni ya kivuli cha gari utaona kivuli kingine kinachezacheza juu ya zege kama cha moshi, ingawa hewani hakuna moshi. Kinaanzia kwenye mdomo wa tangi, kinateleza ubavuni mwa gari, kisha kinatambaa chini. Huo ni mvuke wa petroli. Hauonekani kwa macho, lakini unaupinda mwanga, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, haupai.

Tangi tunaloliita tupu huwa limejaa mvuke. Kila lita ya petroli inayoingia inasukuma nje lita moja ya hewa iliyochanganyika na mvuke huo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hukadiria kwamba kila lita inayojazwa bila kizuizi chochote hutoa gramu 1.3 hivi za petroli. Baridi na aina ya mafuta hubadilisha tarakimu hiyo, lakini kwa makadirio inatosha. Sheli inayouza lita 5,000 kwa siku itapeperusha kilo sita na nusu, yaani karibu lita tisa. Tuseme lita ni shilingi 3,000: hiyo ni 27,000 kila siku, na kwa mwaka ni kama milioni kumi.

Milioni za nani? Mvuke unaotoka kwenye Corolla ni petroli ya mwenye Corolla, aliyoilipia wiki iliyopita. Mwenye sheli anaweza kudhani hayamhusu. Lakini wakati pampu inavuta lita moja kutoka kwenye tangi la chini ya ardhi, bomba refu la kupumulia, lile lililosimama nyuma ya ofisi, linavuta lita moja ya hewa safi ya Mbeya kuziba pengo. Hewa hiyo inaingia na njaa. Inakaa juu ya petroli usiku kucha ikinywa mpaka inashiba, na siku tenka linapokuja kushusha mzigo, inasukumwa nje kupitia bomba lilelile, ikiwa imeshiba mali ya mwenye sheli. Kwa hiyo kila lita inayouzwa inapoteza mara mbili: mara moja kwenye nozeli, mara ya pili nyuma ya ofisi ambako hakuna anayetazama.

Huko nyuma ndiko wahandisi walikoanzia, na nadhani walikuwa sahihi. Kwanza walirefusha bomba la kupokelea hadi karibu na sakafu ya tangi. Mafuta yanayomwagwa kutoka juu yanaruka na kutoa povu, na kila tone ni uso mpya wa kutoa mvuke. Yanayoingia kwa chini yanapanda taratibu. Katika vipimo vya EPA, kumwaga kutoka juu hupoteza karibu gramu 1.4 kwa lita, na kuingiza kwa chini hushusha upotevu hadi 0.9. Kisha wakaongeza mpira wa pili. Mpira wa kwanza unashusha petroli kutoka kwenye tenka, na wa pili unarudisha mvuke wa tangi kwenye chumba cha tenka kinachoachwa wazi. Hakuna pampu wala umeme. Tenka linavuta kwa sababu linapungua, tangi linasukuma kwa sababu linajaa. Mipira yote miwili ikifungwa sawasawa, upotevu unabaki gramu 0.04 kwa lita. Kwa tenka la lita 36,000, hiyo ni tofauti kati ya kupoteza kilo 32 na kupoteza kilo moja na nusu.

Kilo 32 ni zaidi ya lita 40, na utashangaa kwamba hakuna anayezipigia kelele. Sababu ni kwamba zimejificha nyuma ya upungufu mkubwa zaidi. Petroli hunywea kwa karibu asilimia 1 ikipoa nyuzi joto 10. Mzigo uliopakiwa kwenye joto la Dar es Salaam na kupimwa kwa dipu kwenye baridi ya Mafinga au Mbeya unaweza kuonyesha pungufu la lita 300 na zaidi bila mtu kuiba hata kikombe. Hapo ndipo dereva na mwenye mzigo wanapoanza kutazamana vibaya. Katikati ya ugomvi wa lita 300, nani atahangaika na 40?

Wapo pia wanaoulaumu mlima. Abiria wa basi wa njia hii anajua kwamba pakiti ya krispi aliyoinunua Morogoro huvimba anapomaliza kupanda Kitonga, na chupa ya maji aliyoifunga Mbeya hujikunja akishuka hadi Ruaha Mbuyuni. Mgandamizo wa hewa Dar ni kilopaskali 101 hivi. Mbeya, kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni karibu 83. Tenka nalo hushusha pumzi kupitia vali zake likipanda. Lakini tenka lililojaa lina nafasi ndogo juu ya mafuta, kwa hiyo kinachotoka njiani hakifiki hata kilo moja au mbili. Kitonga inasingiziwa.

Nozeli ndiyo kazi ngumu. California ilianza kulazimisha mvuke wake ukamatwe miaka ya 1970, kwa njia mbili. Ya kwanza ilivisha nozeli shati la mpira lenye mikunjo kama kodiani: likibanwa kwenye mdomo wa tangi, mvuke unarudi chini ya ardhi kupitia njia ya pili iliyomo ndani ya mpira uleule. Nozeli hizo zilikuwa nzito, zikachanika, na madereva wakazichukia. Ya pili iliondoa shati hilo na kuweka pampu ndogo ya kunyonya mvuke. Ni nyepesi mkononi, lakini lazima inyonye kiasi kilekile kinachomiminwa. Ikizidisha inaingiza hewa tupu kwenye tangi, na tumeshaona hewa tupu inafanya nini huko chini. Ulaya, katika sheria ya 2009, ilidai mfumo ukamate angalau asilimia 85, na uwiano wa mvuke kwa petroli ukae kati ya 0.95 na 1.05.

Marekani ikahamishia kazi hiyo ndani ya gari lenyewe. Kuanzia magari ya mwaka 1998, shingo ya tangi ilifanywa nyembamba hivi kwamba petroli inayoingia inaiziba yenyewe, na mvuke unaelekezwa kwenye kopo la mkaa maalumu. Si mkaa wa jiko, ingawa ni ndugu yake: umetobolewa vitundu vidogo mno hata gramu moja ina eneo la kunasia linalozidi mita za mraba 1,000. Injini ikiwaka inavuta hewa kupitia mkaa huo na kuuchoma mvuke kama mafuta mengine. Magari hayo yalipoenea, nozeli za kunyonya zikakuta hakuna mvuke wa kunyonya, zikawa zinaingiza hewa safi ardhini. Mwaka 2012 EPA ikaruhusu majimbo kuachana nazo.

Hapa ndipo sisi wa huku tusiige kwa kufumba macho. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na Japani haikuyalazimisha kubeba kopo la ukubwa huo. Yalilo nalo ni dogo, la kunasa mvuke wa gari lililoegeshwa juani. Kwa hiyo kusubiri magari yatusafishie sheli ni kusubiri meli kwenye stendi ya Ipogolo. Halafu kuna bodaboda. Tangi lake halina shingo, ni tundu pana juu ya mapaja ya dereva, na shati la mpira halina pa kukaa. Anaweka lita mbili, anarudi jioni kuweka nyingine mbili, na kila mara kifuniko kinafunguliwa chini ya pua ya yule dada.

Ndiyo maana naitetea nozeli ya kunyonya kwa sababu tofauti na ile ya mwenye sheli. Huko California dereva hujaza mwenyewe dakika tatu kwa wiki. Huku kwetu mtu mmoja anashika nozeli zamu nzima. Ndani ya mvuke ule kuna benzeni, ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka Kundi la 1, yaani inasababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Kama ni fedha tu, ningeanza na mpira wa pili wa tenka na kuishia hapo kwa miaka kadhaa. Kwa ajili ya mapafu ya mhudumu ningeanza na nozeli kwenye sheli zenye foleni ndefu, Mwanjelwa kabla ya Ilula.

Mpira wa pili nao una swali lake. Tenka lililopokea mvuke Mbeya linarudi pwani likiitwa tupu, huku limebeba kilo 30 za petroli iliyo hewani. Linashuka Kitonga, vali zake zikivuta hewa ndani badala ya kuitoa, na zaidi ya kilomita 800 baadaye linafika kwenye ghala kupakia tena. Mafuta mapya yakiingia, mvuke wa Mbeya unatoka. Ulaya ililiona hilo mapema: maelekezo yake ya 1994 yalidai ghala liwe na mtambo wa kuurudisha mvuke kuwa petroli, na kinachoachwa kitoke kisizidi gramu 35 kwa mita ya ujazo. Bila mtambo wa namna hiyo mwisho wa barabara, mwenye sheli wa Mbeya atakuwa ameununua mpira wa pili, ameufunga vizuri, na kuwapelekea Kurasini na Kigamboni harufu yake.