Mshipa Umefunguka, Misuli Je?

Machi 1993, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha katika toleo moja tafiti tatu zilizouliza swali moja. Mtu akipatwa na shambulio la moyo, mshipa wake ulioziba ufunguliwe kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, au kwa puto linaloingizwa na katheta? Wengi walizisoma wakaona puto limeshinda. Lakini ukizisoma ukitafuta jambo moja tu, nguvu za moyo zilirudi kwa kiasi gani, unakuta majibu yasiyopatana.

Huko Zwolle, Uholanzi, wagonjwa 142 waligawanywa kati ya puto na dawa ya streptokinesi. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani walipimwa sehemu ya damu ambayo chemba ya kushoto huisukuma nje kwa kila pigo. Waliotibiwa kwa puto walipata wastani wa asilimia 51, wa streptokinesi 45. Pengo hilo si dogo. Utafiti wa PAMI, wenye wagonjwa 395, ulilinganisha puto na dawa nyingine, alteplesi. Wiki sita baadaye makundi yote mawili yalikuwa na asilimia 53, na hata walipopimwa wakifanya mazoezi hawakuachana. Na Mayo Clinic, waliochunguza wagonjwa wapatao mia moja, hawakuona tofauti ya maana katika kiasi cha misuli kilichookolewa.

Mimi huanza na hao wa Mayo, maana kipimo chao ndicho kilichobuniwa kwa akili zaidi. Mgonjwa alidungwa sestamibi, kemikali yenye mionzi hafifu, kabla mshipa haujafunguliwa. Kemikali hiyo huingia kwenye misuli inayopata damu na kubaki humo kwa saa kadhaa. Kwa hiyo daktari aliweza kutibu kwanza, akapiga picha baadaye, na picha bado ikaonyesha eneo lililokuwa limekosa damu mwanzoni. Mgonjwa alipokaribia kutoka hospitali alidungwa tena. Sehemu iliyokuwa tupu katika picha ya kwanza na kujaa katika ya pili ndiyo misuli iliyookolewa. Hapo unapima kazi ya tiba yenyewe. Asilimia ya kusukuma damu haiwezi kukupa hilo, kwa sababu inachanganya jeraha la leo na hali ya moyo ya miaka mingi.

Asilimia hiyo ina mitego mingine. Baada ya shambulio, kuta zilizosalia nzima hupiga kwa nguvu zaidi na kuficha udhaifu wa ukuta ulioumia. Upande wa pili, Eugene Braunwald na Robert Kloner walieleza mwaka 1982 kwamba misuli iliyookolewa inaweza kukaa siku au hata wiki ikiwa hai lakini imezubaa, haijikunji. Ukiipima mapema mno utaidhania imekufa. Mtego mbaya kuliko yote ni kwamba marehemu hapimwi. Katika PAMI, asilimia 6.5 ya waliopewa dawa walifia hospitalini, dhidi ya 2.6 ya waliotibiwa kwa puto, tofauti ambayo kitakwimu ilikuwa ukingoni. Kama mioyo dhaifu kupita yote iliondoka kwenye hesabu, zaidi kutoka kundi la dawa, basi ule usawa wa 53 kwa 53 haunishawishi sana.

Bado Zwolle na PAMI zinahitaji kupatanishwa, na nadhani jibu limo katika aina ya dawa. Mwaka huohuo wa 1993 utafiti wa GUSTO uliwapiga picha za mishipa wagonjwa 2,431 kwa nyakati tofauti. Dakika 90 baada ya tiba kuanza, alteplesi iliyotolewa kwa kasi ilikuwa imefungua mshipa kwa asilimia 81 ya wagonjwa. Streptokinesi iliambulia kati ya 54 na 60. Kufikia dakika 180 streptokinesi ilikuwa imeshaifikia alteplesi. Lakini misuli haikurudishiwa dakika zile. Majaribio ya Reimer na Jennings kwa mbwa, yaliyochapishwa mwaka 1977, yalikuwa yameonyesha kwamba kifo cha misuli huanzia upande wa ndani wa ukuta na kusogea nje kadiri saa zinavyopita.

GUSTO iliongeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko ushindani wa dawa na puto. Mshipa uliofunguka nusunusu hauhesabiki kuwa umefunguka. Waliokuwa na mtiririko kamili wa damu dakika ya 90 walikuwa na chemba bora, dawa iwe ipi, na vifo vyao kufikia siku ya 30 vilikuwa asilimia 4.4. Ambao mshipa wao haukupitisha damu, 8.9.

Puto ni bora likiwa karibu, maana hufungua kikamilifu na kwa uhakika zaidi. Kwa mgonjwa aliye mbali na maabara ya katheta, na Afrika Mashariki wa namna hiyo ni wengi, dawa ikitolewa mapema inaweza kuokoa misuli ambayo puto lingeikuta imeshakufa. Ila kazi haiishii kwenye sindano. Dakika 60 hadi 90 baadaye kipimo cha ECG kinarudiwa. Kama mstari ulioinuka kwenye ECG ya kwanza haujashuka kwa angalau nusu, mgonjwa anapelekwa kwenye puto bila kungoja.