Kuzipima Riwaya Zisimuliazo Upya Visa vya Kale

Nimechoshwa na sifa zinazomiminiwa kila riwaya ambayo mwandishi wake ametwaa kisa cha kale, akampa mke wa shujaa nafasi ya kusema "mimi", kisha akangoja makofi. Juzi tena nilisikia kitabu cha namna hiyo kikiitwa hidaya kwa wasomaji, ilhali ndani yake hamna ila matukio yale yale ya asili, yamevishwa maneno ya leo na ghadhabu ya kuazima. Kubadili msimulizi ni kazi ya asubuhi moja, haijawa ustadi.

Mjuzi hutazama mwisho. Maadamu msomaji aujua kabla hajafungua jalada, mwandishi hana siri ya kumficha, na hapo ndipo mkono wake unapojulikana. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, aliyekaa bila kutoa riwaya tangu 1939 hata wako waliodhani amekwisha kufa, alitoa Wide Sargasso Sea mwaka 1966, akimshika yule mke mwendawazimu aliyefungiwa darini katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë ya 1847. Wanagenzi husifu kwamba amempa mwanamke huyo sauti, na utoto wake huko Jamaika. Naam, amempa, lakini nautazamwe ukurasa wa mwisho. Sote twajua kwamba nyumba itateketea na mwanamke atajirusha kutoka juu ya paa afe. Rhys anamwotesha moto huo usingizini, anamwamsha, anamtia mshumaa mkononi, anampitisha katika ujia wenye giza huku kiganja kikiukinga mwali usizimike, na papo hapo anakiacha kitabu. Nyumba haijaungua. Kifo kimebaki kwa Brontë, nasi hatuna budi kukiendea huko kwa huzuni ambayo Brontë hakutupa. Tena mume hatajwi jina hata mara moja, ijapokuwa kila aisomaye Jane Eyre amjua kuwa ni Rochester: yeye aliyembandika mkewe jina la Bertha, amenyimwa lake.

Khiana kubwa ni ile ya Nahum Tate, ambaye mwaka 1681 aliishika tamthilia ya Shakespeare, King Lear, akamponya Cordelia, akamwoza kwa Edgar, akamrudishia mzee ufalme wake; na watazamaji wa Uingereza wakaipenda kwa zaidi ya karne nzima. Kupendwa si hoja.

Masharti mengine ni mafupi. Dibaji ielezayo madhumuni ni dalili ya woga. Miungu wasizungumze kama majirani. Kurasa zisipite mia tatu. Naguib Mahfouz aliyatimiza yote alipoianza riwaya yake pale Alfu Lela U Lela inapokoma, Shahrazadi amekwisha kuachiwa roho yake, lakini kila Sultani amkaribiapo yeye anasikia harufu ya damu.

Wazee wetu waliyajua haya bila kufunzwa: walisimulia habari za Fumo Liyongo kwa watu waliokwisha kuijua sindano ya shaba itakayomchoma kitovuni, wala hakuna aliyeinuka barazani. Laiti ningeisoma riwaya ya yule mwana aliyemchoma babake. Atakayeiandika asimponye Liyongo, wala asimtafutie mwana udhuru wa kulazimishwa, kwani katika utenzi aliouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913 mwana yule alikubali kwa ahadi ya cheo na ndoa, na uzito wote wa kisa umo katika kukubali kwake.