Ufundi wa Kuvundika Biwi

Kila asubuhi, katika nyua nyingi, majani ya mwembe na nyasi zilizofyekwa hufagiliwa pembeni na kutiwa kiberiti. Naitrojeni yake hupotea na moshi, kisha mwenye bustani huenda dukani kuinunua tena kwa jina la urea. Fundi wa mboji hachomi; huvundika biwi.

Biwi hujengwa, halirundikwi ovyo. Chini hupangwa vijiti na mabua ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, kisha mabichi, samadi kidogo, udongo kiasi na maji. Mpangilio hurudiwa mpaka kimo cha kifua, kwani biwi lisilofika mita 1 kila upande halihifadhi joto. Makavu huleta kaboni, mabichi naitrojeni, na uwiano mzuri ni takriban 30 kwa 1. Alizeti mwitu, inayojiotea kando ya barabara za nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ni hazina kwa kazi hii. Majani ya mkaratusi ni magumu kuoza, heri yaachwe.

Albert Howard na Yeshwant Wad walichapisha kitabu cha utaratibu wa namna hii mwaka 1931, kutokana na kazi yao ya Indore, India. Lakini kitabu hakisemi biwi la leo lina hali gani. Hiyo ni kazi ya fimbo. Huchomekwa mshazari mpaka kitovuni, na baada ya siku chache huchomolewa na kushikwa. Ikitoka ya moto, mambo ni mazuri: nyuzi 55 hadi 65 za selsiasi huua mbegu nyingi za magugu. Ikitoka kavu na utando mweupe, biwi lina kiu. Ikitoka imelowa na kunuka, hewa imekosekana, lipinduliwe.

Hata lisiponuka, hupinduliwa kila baada ya wiki 2 au 3, la nje likaingia ndani. Baada ya miezi 3 hivi huwa limenywea, jeusi, na jani la mwembe halitambulikani tena. Likipata moto upya baada ya kupinduliwa, bado. Haraka hapa ni hasara: mboji mbichi huinyang'anya miche naitrojeni, ikageuka manjano.

Iliyoiva hutiwa konzi mbili katika shimo la mche wa nyanya au sukuma na kuchanganywa na udongo. Inayobaki ifunikwe kivulini, maana mvua huichuja rutuba ikabaki makapi.