Sikiliza Irabu, Achana na C ya Juu

Inachosha kusoma kila mara sifa zilezile kwa rekodi zilezile mbovu. Safari hii ni CD ya waimbaji wa opera wa mwanzoni mwa karne ya 20. Teno anasifiwa kwa moto wake, mwendo kwa msisimko, na C ya juu ya "Di quella pira" inaitwa muujiza. Nimeisikiliza. Muujiza wote ni kwamba aliyeihamisha santuri ameizungusha kwa kasi kuliko ilivyorekodiwa. Mwimbaji masikini wa Mungu hakuimba hivyo hata siku moja.

Santuri za zamani huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini 78 ilikuja kuwa kawaida baadaye. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na mwendo wake, na hata kampuni moja ilibadilika siku hadi siku: 70, 74, mara 80 na ushei. Teno Caruso alipoimba mbele ya pembe ya kurekodia ya fundi Fred Gaisberg hotelini Milano, Aprili 1902, hapakuwa na sheria ya kumfunga mtu kwa 78. Na tofauti ndogo inatosha. Mizunguko minne na nusu hivi inapandisha wimbo nusu toni. Santuri iliyorekodiwa kwa 70 ukiichezesha kwa 78, ufunguo unapanda karibu toni nzima, na wimbo wa dakika 3 unakwisha kwa dakika 2 na sekunde 42. Hapo ufunguo, mwendo na hisia vimeharibika kwa pigo moja. Kilio kinakuwa kelele, na uchungu wa mtu mzima unakuwa deko.

"Di quella pira" ndiyo maficho ya walaghai. Verdi aliuandika wimbo huo wa opera Il trovatore kwa ufunguo wa C, lakini ile C ya juu haimo katika noti zake. Waimbaji ndio walioichomeka. Wengi hawaifikii, kwa hiyo wimbo unashushwa hadi B, na majumba ya opera yamelizoea hilo tangu zamani. Sina ugomvi na teno anayeshuka. Ugomvi wangu ni na fundi anayechukua santuri iliyoimbwa kwa B, akaikimbiza mpaka C, akatuuzia shujaa. Msikilizaji anafungua noti, anaona ufunguo wa C, anasikia C, anaridhika.

Anaridhika kwa sababu alikuwa akiingoja noti ya juu. Noti ya juu haithibitishi kitu. Katika rekodi ya opera ya Wagner, Tristan und Isolde, aliyoiongoza Furtwängler mwaka 1952, C za juu za Kirsten Flagstad ziliimbwa na Elisabeth Schwarzkopf, na Flagstad bado ndiye Isolde wa rekodi ile, maana Isolde hupatikana katika noti za katikati.

Huko katikati ndiko pa kutega sikio, na cha kutegea ni irabu. Mwimbaji akishusha au kupandisha ufunguo yeye mwenyewe, noti zinahama lakini kinywa ni kilekile: koo lina urefu wake, taya linafunguka vilevile, na irabu zinabaki na rangi yake. Mashine ikipandisha ufunguo, kinywa nacho kinapungua. A iliyokuwa pana inabanwa na kuanza kuelekea e. O inapoteza kina. R ya Kiitaliano, ambayo inatakiwa iviringike, inakwaruza. Pumzi anayovuta kati ya mistari inakuwa fupi, kama ya mtu aliyepanda ngazi mbio. Ukiyasikia hayo, hata kama noti zote zinalingana na kitabu, rekodi ni ya uongo. Rudisha mwendo nyuma mpaka a ikae sawa, ndipo uulize ni ufunguo gani.

Kwa kazi hii sisi wasemaji wa Kiswahili tumejaliwa, kwa kuwa irabu za Kiitaliano zinakaribiana sana na zetu. Fanya jaribio kwa santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, kwa kampuni ileile aliyoifanyia kazi Gaisberg. Ongeza kasi kidogo tu. Kabla hujatambua kwamba ufunguo umehama, utasikia kwamba anayetamka si tena mama wa Unguja wa miaka karibu 50. Sikio hilohilo lipeleke kwa Caruso.

Kuhusu mwendo, waulize waliokuwapo enzi za Verdi. Victor Maurel, Falstaff wa kwanza wa Verdi mwaka 1893, alirekodi "Quand'ero paggio" mwaka 1907. Ni kiwimbo cha nusu dakika. Waliomo chumbani wanashangilia, anarudia. Wanashangilia tena, anarudia kwa Kifaransa. Wepesi wake ni wa mtu anayeongea, na kila silabi inasikika. Falstaff anayeuburuta wimbo huo hajui anaimba nini. Naye mwongoza okestra Toscanini alikuwa mpiga selo wa La Scala usiku Otello ya Verdi ilipooneshwa mara ya kwanza mwaka 1887. Miaka 60 baadaye akaiongoza redioni New York. Wanaomlaumu Toscanini kwa kwenda haraka wamejifunza Verdi kwa waongozaji waliomchelewesha.

Ufunguo nao una heshima yake. "Una voce poco fa", wimbo wa Rosina katika Il barbiere di Siviglia ya Rossini, iliandikwa kwa E, kwa sauti nzito ya kike. Waimbaji wa soprano wameipandisha hadi F ili wang'ae. Rosina wa kweli ni wa E, mwenye hila. "Casta diva" Bellini aliiandika kwa G, desturi ikaishusha hadi F, na hapo desturi imepatia: G ina mwanga mno kwa sala ya usiku.

Gramafoni za wazee wetu zilikuwa na kidhibiti mwendo, na mwenye sikio alikisogeza mwenyewe mpaka sauti itulie. Walizipa dakika 3 za santuri umakini ambao leo opera nzima haiupati. Kidhibiti kimeondoka, basi tumbane fundi. Aandike kwenye kijitabu ameizungusha kila santuri kwa mwendo gani, na wimbo umetoka katika ufunguo gani. Asiyeandika hayo hajayatafuta, na CD yake usiinunue.