Mkunga, Mzalisha na Umuvyaza

Neno mkunga huwasumbua wanafunzi wetu wa Bujumbura kuliko lidhaniwavyo. Kirundi kimewazoeza umuvyaza, neno lililoundwa waziwazi kutokana na kitenzi kuvyara, yaani kuzaa. Basi mwanafunzi hufuata njia hiyo hiyo akaandika mzalishaji.

Hatuwezi kumwambia kwamba amevunja sarufi. Kiswahili kina kitenzi zalisha, na mzalisha kwa maana ya mkunga ni neno la zamani. Lakini mzalishaji limekwisha kuhamia viwandani na mashambani. Twasikia habari za wazalishaji wa sukari na wa saruji. Tangazo liwaelekezalo wajawazito kwa "mzalishaji" litamfanya msomaji wa Buyenzi atabasamu kwanza, kisha aulize ni nani hasa atajwaye.

Mkunga halina kuzaa ndani yake. Sisi twaliweka karibu na kunga, yaani siri na mafundisho ya faragha, jirani na kungwi, mfunzi wa wari. Kwa mtazamo huo mkunga hutajwa kwa ujuzi aliokabidhiwa, si kwa tendo lake. Wafaransa nao walielekea huko: sage-femme ni mwanamke mwenye hekima. Waarabu humwita "mwenye kupokea", kwa mzizi ule ule uliotupa kabili, kubali na kibla. Ajabu ni kwamba tuliyachukua hayo yote tukamwacha mpokea mtoto. (Mkunga wa baharini, yule samaki mrefu, ana wingi wake: mikunga.)

Fasili isemayo tu kwamba mkunga ni mwanamke azalishaye haitutoshi. Methali "usitukane wakunga na uzazi ungalipo" yamhusu bibi wa mtaani; lakini tangu mwaka 2006, Burundi ilipoondoa malipo ya kujifungulia katika vituo vya afya vya serikali, mama hana budi kujua anaelekezwa kwa nani. Twapendelea mkunga, bila nyongeza, awe aliyesomea kazi hiyo, na yule mwingine aitwe mkunga wa jadi. Tena neno letu halibagui jinsia. Ufaransa iliwafungulia wanaume kazi hiyo mwaka 1982, na jina lao likabaki na "mwanamke" ndani yake. Kwetu mwanamume huyo ni mkunga tu.