Kukaza kwa Mkono

Choo chetu kilianza kusema usiku. Mchana hukisikii, kwa kuwa bodaboda na redio za majirani wa Tabata humeza kila sauti ndogo. Lakini saa nane ya usiku, nyumba ikishatulia, ulikuwapo mlio kama wa mtu anayefyonza chai ya moto bila kupumzika. Nikafunua mfuniko wa tangi na kumulika kwa simu. Maji yalikuwa yamepanda hadi mdomo wa bomba la kufurikia, yanaingia humo kama uzi, yanateremka kwenye sinki la choo na kwenda zake.

Uzi huo hudanganya macho. Usiku uliofuata niliwaomba wote nyumbani wasifungue bomba, nikasoma mita saa tatu, nikaisoma tena saa kumi na mbili asubuhi. Zilikuwa zimepita lita 108. Hizo ni lita 12 kwa saa, lita 288 kwa siku: madumu 14 ya lita 20, na yanabaki ya kunawia. Na maji haya si ya karibu. Huanzia milima ya Uluguru, hushuka na Mto Ruvu, huchujwa, hutiwa dawa, husukumwa hadi jijini. Aliyekuwapo Dar es Salaam Oktoba na Novemba 2022, mto ulipopungua na mgao ukaingia, anajua uzito wa dumu moja. Nami nilikuwa nayapokea na kuyaachia shimoni bila kuosha hata kijiko. Hilo liliniuma kuliko bili.

Mtaani kwetu yupo mzee aliyefanya kazi ya bomba tangu ujana wake. Nilimkuta barazani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kulikoni asubuhi yote hii?”

Nikamweleza. Hakuinuka, wala hakuutazama mkoba wake wa vifaa. Aliuliza swali moja: “Yanapita juu, au yanatoroka chini?”

Swali hilo ni nusu ya kazi, na nimewaona wengi wakilipia gharama ya kutoulizwa. Tangi la choo lina milango miwili. Wa juu, wa floti, huingiza maji. Wa chini, wa raba iliyokalia tundu la kuflashia, huyatoa. Maji yakifika mdomo wa bomba la kufurikia na bado yanaingia, mlango wa juu umechoka. Yakiwa chini ya mdomo huo, na tangi likawa linajiongeza lenyewe kila baada ya muda ilhali hakuna aliyeingia chooni, ni raba ya chini. Mwenye shaka hutia matone ya rangi ya chakula tangini na kusubiri robo saa bila kuflashi: rangi ikijitokeza kwenye sinki wakati maji hayajafika kufurika, kosa liko chini. Haya yote hayahitaji spana. Yanahitaji mtu akae kimya, atazame.

Ya kwetu yalipita juu. “Basi ni floti,” alisema, ndipo akainuka.

Nataka niisifu floti kwanza, maana haisifiwi. Ni boya, lile lile neno la wavuvi, na kazi yake si mbali na ya baharini: kukaa juu ya maji na kutoa habari. Maji yakishuka, boya hushuka na kuufungua mlango. Yakipanda, hupanda nalo na kuufunga. Haina umeme wala saa. Kinachoiendesha ni kile kile kinachopaswa kuzuiwa. Wazo hilo ni la kale sana. Katika karne ya 9, huko Baghdad, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika kitabu kuhusu vyombo vya ajabu takriban mia moja, na milango inayofungwa na boya imo. Kitabu kinaitwa Kitab al-Hiyal. Sisi neno hila tumelibakiza kwa udanganyifu. Kwao lilibeba pia ubunifu, ujuzi wa kuyafanya maji yatii bila kuyapiga. Naona tumelipunguza neno hilo heshima yake.

Mzee alifunga koki ndogo ya ukutani, akaflashi, akakausha mabaki kwa kitambaa. Akafungua paipu inayoleta maji, kisha ile nati kubwa iliyo chini ya tangi, mkono wake mmoja ukiwa ndani umeishika floti isizunguke. Ikatoka. Aliifungua kichwa, akanipa kiganjani raba iliyokuwa humo, ndogo kuliko sarafu. Katikati yake palikuwa na mfereji wa duara. Raba hiyo ilikuwa imebanwa mahali pale pale kila tangi lilipojaa, mwaka baada ya mwaka. Dawa ya maji ilikuwa imeikausha, na punje za mchanga zilikuwa zimekwama kwenye mfereji. Uzi wote ule wa maji ulipita hapo.

Wakati mwingine, alisema, raba mpya inatosha, na zamani kwenye floti za shaba waliigeuza tu upande wa pili ikafanya kazi tena. Yetu ilikuwa ya plastiki, na kile kiti ambacho raba hukalia kilikuwa kimemeguka. Kukiwekea raba mpya kungekuwa kumtoza mtu fedha mara mbili. Alinituma dukani na floti mbovu mkononi, nisiende kuielezea kwa maneno. Zipo zinazoingizia maji chini ya tangi na zipo za ubavuni. Zipo fupi na ndefu. Ya nusu inchi inayofaa nyumba ya jirani huenda isifae yako.

Kuiweka mpya hakukuchukua dakika kumi. Ila dakika moja kati ya hizo ndiyo iliyonifanya niandike. Raba pana ilikaa ndani ya tangi, nati ikapanda kutoka nje. Nilipoona imefika mwisho nilinyoosha mkono kuchukua spana. Mzee akaiweka mbali.

“Mwanangu, hapa hatufungi mbuzi.”

Akaikaza kwa vidole, akaongeza mzunguko mdogo, chini ya robo, akaacha. Tangi ni udongo uliochomwa, nati ni plastiki. Anayekaza kwa hasira hupasua kimoja au kingine, na ufa hauji na kelele. Huja baada ya wiki, sakafu ikiwa imelowa. Kinachozuia maji ni raba iliyokaa sawa juu ya sehemu safi. Nguvu haizuii kitu. Nilimtazama usoni alipokuwa anakaza. Hakuwa anaangalia nati. Alikuwa anaisikiliza kwa ncha za vidole, na hapo palipotosha alipajua kama mpishi anavyojua chumvi. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye karatasi inayokuja na kifaa, nami nauhesabu sawa na wa fundi jahazi anayepigilia kalafati kwenye maungio ya mbao.

Kisha alichomeka kile kipaipu chembamba kwenye mdomo wa bomba la kufurikia, kikielekea chini bila kuzama ndani ya maji. Wengi hukiacha kikielea. Kazi yake ni kurudisha maji kwenye kona ya sinki baada ya kuflashi, kwa sababu maji yanayosimama kwenye kona ile ndiyo yanayozuia harufu isipande. Kwa kona yenyewe tumshukuru Alexander Cumming, aliyeipatia hataza London mwaka 1775. Akafungua koki. Tukangoja. Maji yalisimama vidole viwili chini ya mdomo. Akapitisha karatasi kavu kuzunguka nati, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa kavu.

Nilipomuuliza malipo alitaja kiasi kidogo, nami nikaona haya kukumbuka jinsi tunavyowapunguzia mafundi bomba bei huku tukiwa tumeshika pua. Tunawaita siku ya uvundo tu, tunawalipa kama wanaotuudhi. Nililipa zaidi ya alichotaja, na nakuomba msomaji ufanye hivyo kwa wa kwako, hasa yule anayeuliza kabla ya kufungua mkoba.

Usiku ule nilisoma mita saa tatu. Saa kumi na mbili asubuhi niliisoma tena. Namba zilikuwa zile zile.