"Bumbafu" si kosa la tahajia

Juzi nilikuwa kwa kinyozi mtaani Makongeni, si mbali na Jogoo Road, nikingoja zamu yangu. Kijana mmoja alikuwa na gazeti, akaanza kutusomea kibonzo kwa sauti. Bawabu anamkimbiza mwizi wa kuku, anateleza, anaanguka kwenye matope puu! Kwenye kiputo cha maneno kumeandikwa: "Bumbafu hii!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, sikatai. Ila mzee aliyekuwa akinyolewa aligeuza shingo, mashine ikiwa bado kisogoni.

"Kwani ni sisi tu tunaotukana?"

"Mzee wangu, si ni kibonzo tu," kijana akasema.

"Najua ni kibonzo. Mbona mwizi anaongea Kiswahili sanifu?"

Sijasikia uhakiki mfupi na mkali kuliko huo kwa muda mrefu.

Tuanze na sauti zenyewe. Kikuyu hakina /p/ ya asili. Ndiyo maana polisi huko wakawa "borithi" na pesa zikawa "mbeca". Kwa hivyo "pumbavu" kuanza na /b/ kinywani mwa mzee wa Nyeri si ujinga wala uvivu wa ulimi, ni kanuni. Lakini tazama ile /v/ iliyogeuka /f/. Mjaluo naye husema "pumbafu", na Waluhya wengi vilevile, kwa kuwa lugha zao nazo hazina /v/ hiyo. Mjaluo ukimkasirisha zaidi utasikia "msensi", maana Dholuo haina /sh/ wala /z/. Kwa Mbukusu, "mjinga" huelekea kuwa "muchinga". Na hilo neno "hii", linalomshusha mtu hadi ngeli ya vitu, halina kabila kabisa. Ni Kiswahili cha Nairobi nzima, mimi nikiwemo nikiwa na haraka. Kwa ufupi, katika maneno mawili ya bawabu yule, kilichombainisha ni herufi moja tu, /b/ ya mwanzo. Mchoraji aliichagua makusudi.

Aliichagua kwa sababu inamfaa. Andika "mpumbavu" kamili na mhariri ataanza kukuna kichwa. Andika "bumbafu" na tusi linapita, kwani makali yake yamehamia kwingine: hatumcheki tena anayetukanwa, tunamcheka anayetukana. Huo ni ufundi, na si haba. Hayati Rais Kibaki alipotamka "pumbavu" au "mavi ya kuku" hadharani, Wakenya wengi walicheka badala ya kukasirika, kwa kuwa tusi dogo kutoka kwa mtu mkubwa lina utamu wake. Kichekesho huzaliwa pale tusi na mtusi wasipolingana. George Bernard Shaw alilijua hili. Pygmalion ilipoigizwa London mnamo Aprili 1914, Eliza, muuza maua aliyefunzwa matamshi ya wakubwa, alitamka neno "bloody" kwa lafudhi safi kabisa na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Lafudhi ilikuwa juu, neno likawa chini. Bawabu wetu hakupewa nafasi hiyo. Lafudhi yake na tusi lake vimewekwa chini pamoja, kwenye matope.

Kuna watakaoniambia kwamba hata Waingereza huchora lafudhi. Kweli. Jarida la vibonzo la Viz, lililoanzia Newcastle mwaka 1979, limejaa tahajia zinazoiga matamshi ya huko kaskazini, na matusi ndiyo chumvi yake. Lakini walioliandika walikuwa wenyeji wa Newcastle, na wahusika wao wote, mwerevu na mjinga, wanaweza kuongea namna moja. Lafudhi ikiwa ya kila mtu haiwi tena alama ya mjinga.

Hapa kwetu mfano bora tunao tangu miaka ya 1950: Juha Kalulu wa Edward Gitau. Tazama jina lenyewe. "Juha" ni tusi, jepesi lakini tusi. "Kalulu" ni sungura katika lugha kadhaa za kusini mwetu, yule mjanja wa hadithi. Mpumbavu na mjanja wamefungwa katika mtu mmoja, na upumbavu wake unatoka katika anayoyatenda. Huhitaji kukisia mama yake alimwimbia kwa lugha gani. Shujaaz nalo, jarida la vibonzo lililoanza mwaka 2010, lilichukua njia tofauti likaandika kwa Sheng, lugha inayokwambia mtu ni wa rika gani na mtaa gani kabla ya kukwambia kabila lake.

Simwambii mchoraji afute lafudhi. Nairobi isiyo na lafudhi ingekuwa jiji la watangazaji wa redio, Mungu atuepushe. Namwambia agawe: mwizi naye aseme kwa lafudhi, na yule tajiri mwenye kuku, na polisi atakayefika amechelewa. Bawabu apewe hata mara moja mzaha ulio bora kuliko wa wenzake.

Mzee alipomaliza kunyolewa alijitazama kwenye kioo, akaona kinyozi amemwachia kishungi kidogo nyuma ya sikio. "Bumbafu hii," akasema, taratibu, akimwangalia yule kijana. Safari hiyo tulicheka sote, naye akacheka kutuzidi.